Waya wa Tatu wa Nyumba ya Nyoka

Saa mbili kasorobo asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili, sakafu ya nyumba ya nyoka ya Kinondoni ilimwagiwa ndoo nne za maji ya dawa. Ndivyo agizo lilivyosema. Mtunza nyoka aliisugua kwa fagio la chelewa, akayasukuma maji mpaka kwenye kizimba cha vifutu, ambako pembeni saruji ilikuwa imeachwa tobo ili maji yazame mchangani. Baada ya hapo aliingia kizimba kimoja kimoja kupanguza na kusoma vipimajoto. Yote hayo aliyafanya peku, kwa sababu buti za mpira ziliombwa mwaka 1950, na huu ulikuwa mwaka 1952.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mtu aliyefikiri sana. Kuta zilikuwa nene, paa limepakwa chokaa, na madirisha yake madogo yalielekea upepo wa bahari ili wakubwa wanaokuja kutazama wasitoke jasho. Nyoka walikamatwa kwenye vichaka vya Mbezi na Bunju, mahali ambapo saa sita mchana mchanga haukanyagiki. Walihifadhiwa hapo ili wakamuliwe sumu ipelekwe ng'ambo kutengenezewa dawa. Walipoonja ubaridi wa nyumba ile wakaacha kula. Bwana Hallett, mkuu wa nyumba, akafungua kitabu alichokuja nacho kutoka kwao, nacho kikamwambia kwamba nyoka anataka joto la nyuzi themanini na tano za Farenhaiti, na kwamba joto hilo hupatikana kwa hita.

Mtunza nyoka wakati huo alikuwa Projestus Kamugisha, mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri. Alishauri kwa adabu kwamba labda wangetoboa dirisha moja upande wa jua. Bwana Hallett alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaagiza hita Uingereza.

Ilikuja kwa meli: sanduku la bati lenye miguu minne na waya mnene wenye nyaya tatu ndani yake. Mbili zilikuwa za kuleta umeme na kuurudisha. Ya tatu ilikuwa ya kuupeleka ardhini umeme wowote utakaopotea njia ukaingia kwenye bati. Matundu ya ukutani yalikuwa mawili. Fundi wa serikali aliyetumwa kuifunga alihesabu nyaya, akahesabu matundu, akatoa kisu mfukoni na kuukata waya wa tatu, kisha akaenda kula. Hita ikawekwa kizimbani kwa vifutu. Swichi yake ikafungiwa kabatini ofisini, asije mtu akaizima nyoka wakapata baridi, na ufunguo akakaa nao Bwana Hallett, ambaye alifika kazini saa tatu.

Karatasi ya maagizo iliyokuja na hita iliandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kwenye mtoto wa meza ya bwana. Projestus, ambaye alisoma misheni miaka saba na ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi meza hiyo, aliisoma yote. Siku hiyo hiyo akaandika barua. "Bwana, kwa heshima naomba hita ifungwe waya wa tatu kama karatasi yake inavyoagiza, kwa maana sakafu ina maji kila asubuhi. Ndimi mtumishi wako mtiifu." Barua ilipigwa muhuri kuwa imepokewa. Akaandika ya pili, nayo ikapigwa muhuri.

Tarehe 14 Julai, saa mbili na dakika kumi, Projestus aliishika hita ili apanguze chini yake, akafa. Nyoka hawakudhurika. Taarifa iliyoandikwa kabla ya saa sita ilisema kwamba marehemu aligusa kifaa kwa mikono yenye maji, kinyume cha maagizo. Hilo lilikuwa kweli neno kwa neno, na ndiyo maana hadi leo linauma kuliko uongo.

Alizikwa kesho yake Kinondoni, kwa sababu kutoka pwani mpaka Bukoba ni siku tatu nne kwa gari moshi na meli ya ziwani, na maiti haiwezi kungoja hivyo. Mkewe, Auleria, aliinama pale kaburini akamwahidi kwa sauti kwamba atarudi kumchukua, ampeleke kwenye kibanja cha baba yake akalale kati ya migomba. Kwao mtu aliyelazwa kwingine huhesabiwa kuwa bado yuko njiani.

Jumanne ya tarehe 22, saa moja na nusu asubuhi, Auleria alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, Projestus akapita. Alivaa suruali na shati jeupe alilozikwa nalo, na mchanga kidogo ulikuwa masikioni.

"Umeamkaje, Mama Tekla?"

"Salama, Baba Tekla. Nikutilie chai?"

"Nimeshachelewa," alisema Projestus, akashika njia ya kazini.

Auleria aliuweka ungo ndani asije kuku akaumwaga mchele, akajifunga kanga ya pili, akamfuata. Kwenye nyumba ya nyoka walimkuta Adelard, mtunza nyoka mpya, mtu wa Songea mwenye watoto watatu, ana siku mbili tu kazini. Alikuwa amesimama majini, ameinama, mkono umeelekea kwenye hita.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu," alisema Projestus.

Aliingia kizimbani na kukaa sakafuni. Mkono wa kulia aliutia kwenye tobo la maji mpaka vidole vikazama mchangani, na mkono wa kushoto akauweka juu ya bati la hita. Nywele zake zilisimama. Kutoka kifuani mwake ikaanza kusikika sauti ndogo, ya birika linalokaribia kuchemka.

"Sasa shika," alimwambia Adelard.

Adelard alishika. Hakikumtokea kitu. Akamshukuru, akamwita mzee, akaendelea kupanguza akipita kando ya magoti yake kwa heshima.

Bwana Hallett alipofika saa tatu, alisimama mlangoni akatazama kwa muda. Alikuwa anasema Kiswahili safi, na hakuwa mtu mbaya. "Huyu hayumo kwenye orodha ya watumishi," alisema. Adelard akamweleza kuwa mzee hakuja kuomba kazi, amekuja kushika tu. "Basi asiwaguse nyoka," alisema bwana, akaenda kufungua barua zake. Nyoka ndio waliomgusa. Kwa kuwa umeme ulimpitia kutwa nzima, Projestus alikuwa na joto zuri kuliko lile la hita, na vifutu wakaja wakajikunja mapajani mwake wote wanne. Wiki hiyo wakaanza kula.

Ikawa ndiyo desturi. Saa moja na nusu anapita mlangoni, saa kumi na moja jioni anapita tena kurudi makaburini, baada ya Adelard kufunga na kwenda kwake. Padre wa parokia alimwita Auleria kumuuliza kuhusu misa ya arobaini, wakakubaliana iahirishwe, maana si vizuri kumwombea mtu pumziko na huku yuko kazini.

Auleria alikuwa anampelekea maji adhuhuri, ayaweke tu karibu yake, na siku hizo ndipo alipoanza kuona. Kwanza kucha za mkono wa kushoto ziligeuka nyeusi. Kisha ngozi ya kiganja ikawa inapukutika kama majivu. Mwanzoni mwa Septemba kidole cha pete kilikatika bila damu, na pete ikadondoka ikabingirika mpaka kwa koboko. Adelard aliitoa kwa fimbo. Auleria akaifunga kwenye pindo la kanga, akakaa chini, akamhesabu mumewe kwa macho kuanzia bega mpaka mkono. Umeme ulikuwa unamla. Ukiendelea hivyo mpaka mvua za vuli hakutabaki kitu cha kupeleka Bukoba, si mtu wala mfupa, na ile ahadi ya kaburini itakuwa maneno matupu. Aliogopa zaidi siku hiyo kuliko alivyoogopa siku ya msiba.

"Baba Tekla, achia twende zetu," alimwambia.

"Nikiachia leo, kesho mnamzika Adelard."

"Na mie?"

"Wewe unajua nilipo," alisema Projestus. "Mke wake hajui mumewe anashika nini."

Auleria alimpangusa mchanga masikioni, akamsogeza kifutu mmoja aliyekuwa amelalia mkono, akaenda ofisini.

Ofisini aliandika ombi. Alikuwa amesoma kwa masista miaka minne, na herufi zake zilikuwa kubwa na za duara. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, na karani akamsomea akiwa amesimama. Lilisema kwamba madaftari yamechunguzwa, kwamba tangu tarehe 22 Julai hita haijamdhuru mtu yeyote, na kwamba kwa hiyo haina kasoro.

"Haijamdhuru mtu kwa sababu mume wangu ameishika," alisema Auleria.

"Hilo halimo kwenye daftari, mama," alisema karani kwa upole, akamrudishia karatasi.

Alikwenda kwa miguu mpaka Buguruni, kwa mzee Muhdhar, mwenye duka la taa, betri na redio mbovu zilizokwisha kupona. Mzee Muhdhar alikuwa amerithi duka kwa baba yake, na baba yake kwa babu aliyetoka Hadhramaut, na alikuwa na kawaida ya kumsikiliza mtu akiwa amefumba macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alimweleza yote, kuanzia kisu cha fundi. Mzee alifumbua macho.

"Waya ninao," alisema. "Chuma cha kuchimbia chini ninacho. Kazi yenyewe ni nusu saa. Ruhusa ndiyo sina."

"Anayo nani?"

"Aliyeukata."

Nje mtu alikuwa anagombana na punda wake.

"Jumapili," alisema mzee Muhdhar mwishowe. "Jumapili huyo bwana huenda Mbezi kuogelea. Mwambie Adelard aache komeo wazi, na wewe uchemshe chai, maana mie sifanyi kazi koo kavu."

Hita haikujua Jumapili, kwa hiyo Projestus alikuwepo. Mzee Muhdhar aliwapigia hodi nyoka, akaingia, akapiga chuma cha futi nne kwa nyundo mpaka kikazama mchangani kupitia tobo la maji. Akakifunga waya, akauleta waya mpaka kwenye hita, akakwangua rangi ya bati mpaka chuma cheupe kikaonekana, akaubana kwa bolti. Urefu wake wote haukuzidi mkono wa mtu. Projestus alitazama kila hatua, akasahihisha moja.

"Haya, achia bwana," alisema mzee.

Projestus aliachia kidole baada ya kidole. Sauti ya kifuani ikapungua, ikakoma, na nywele zake zikalala. Adelard akachovya mikono kwenye ndoo, akashika hita kwa mikono yote miwili huku miguu iko majini. Walisikia tu vifutu wakihama kutoka mapajani kwa Projestus kwenda kutafuta joto kwingine.

Siku hiyo alikunywa chai nyumbani vikombe viwili. Alikaa kwenye kiti chake, akauliza habari za Tekla, binti yao, aliyeolewa huko huko Bukoba, akacheka aliposikia kwamba mkwe amenunua baiskeli asiyoweza kuipanda. Auleria alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa safi. Furaha aliyokuwa nayo haikumruhusu kukaa, alikuwa anainuka kila mara kupanga kitu kilichokwisha kupangwa.

Jumatano walikwenda stesheni. Karani wa tiketi aliuliza kama huyu ni abiria au ni maiti, kwa sababu maiti ina fomu yake. Projestus alisema kwamba kwa kuwa anatembea mwenyewe, ni abiria. Walikatiwa tiketi za daraja la tatu mpaka Mwanza, wakapata nafasi dirishani, na Auleria akaweka kikapu cha chakula juu, ndizi za kuchoma na samaki mkavu wa kutosha siku zote za safari.

"Unilaze upande wa mashariki, kwa baba," alisema Projestus. "Usinilaze karibu na mjomba Gaspar. Hata hai alikuwa anakoroma."

"Na ule mti wa mbuni uliopo pale?"

"Uacheni. Nitaupenda."

Saa nne asubuhi hiyo mkaguzi wa umeme aliingia kwenye nyumba ya nyoka akiwa na mchoro wa nyaya za nyumba. Aliangalia mchoro, akaangalia hita, akaona waya mmoja ambao mchoroni haumo. Aliuliza nani ameufunga. Adelard alijaribu kumweleza ni wa kazi gani, mkaguzi akamjibu kwamba anajua ni wa kazi gani, tatizo ni kwamba haukuidhinishwa. Akatoa koleo, akaukata, akauzungusha vizuri na kuutia kwenye mkoba kama ushahidi. Chuma cha mzee Muhdhar alikiacha pale kwa kuwa kilikuwa kimezama sana.

Stesheni filimbi ilikuwa imeshapigwa mara ya kwanza. Mkono wa kushoto wa Projestus uliinuka wenyewe kutoka mapajani, ukasimama hewani, kiganja chini.

"Wameukata," alisema.

Auleria hakumuuliza amejuaje. Aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akausukuma chini, na mkono ukainuka tena.

"Saa sita Adelard anaingia kusoma kipimajoto," alisema Projestus. "Nikienda kwa miguu nitamwahi."

"Projestus." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Tekla azaliwe. "Ulikufa. Kazi imekwisha. Hakuna mtu duniani atakayekulaumu."

"Najua."

"Basi kaa."

"Kaa wewe. Nenda ukamwone Tekla."

Alisimama, akamwomba radhi mama aliyekuwa amekaa upande wa njia, akashuka. Filimbi ya pili ikapigwa. Auleria alimtazama dirishani akivuka reli na kitambaa cheupe mkononi, akawatukana kwa Kihaya watu wote waliowahi kushika koleo, naye akashuka. Gari moshi liliondoka. Kikapu cha ndizi na samaki kilikwenda Mwanza peke yake.

Waliwahi, kwa dakika chache. Projestus aliingia kizimbani na miguu yenye vumbi, akatia mkono wa kulia kwenye tobo, akakikuta chuma cha mzee na kukishika, na wa kushoto akaurudisha mahali pake. Sauti ikaanza tena kifuani. Adelard, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwa robo saa na daftari la joto bila kuthubutu kuingia, aligeukia ukuta akalia, kwa sababu alikuwa anataka kuishi na alikuwa anaona uhai huo unalipiwa na nini.

Auleria alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Hallett bila kungoja karani.

"Bwana, ni waya tu," alisema. "Urefu wa mkono. Mzee Muhdhar ataufunga bure."

Bwana Hallett alimpa kiti. Alisema anasikitika, na alisikitika kweli, ilionekana usoni. Alimweleza kwamba yeye ni mtu wa nyoka, umeme una wakubwa wake, na wakubwa hao huuliza swali moja tu: kumetokea ajali? Akamwonyesha taarifa aliyokuwa anaiandika. Tangu Julai hakuna ajali. Nyoka wanakula. Kwa matokeo mazuri kama haya nyumba imekubaliwa hita ya pili, kwa ajili ya swila, na ya tatu, kwa ajili ya koboko, imeshaagizwa. Zitafungwa kama ile ya kwanza, kwa kuwa imethibitika kuwa ni salama.

"Imethibitishwa na nani?" aliuliza Auleria.

Bwana Hallett alitazama mlango wa nyumba ya nyoka, kisha akatazama meza yake. "Mume wako ni mtumishi mzuri sana," alisema.

Hita ya pili ilifungwa mwezi wa kumi. Kizimba cha swila kilipakana na cha vifutu, na wavu kati yao ulikuwa na uwazi wa kupitisha mkono. Projestus aliutoa mkono wa kulia mchangani, akaupitisha kwenye wavu, akauweka juu ya bati jipya, kisha akasogea nyuma na kutia miguu yote miwili kwenye tobo la maji. Hakurudi tena makaburini jioni, kwa kuwa kutoka na kuingia kwenye nafasi ile kulichukua muda mrefu na mikono yake haikuwa imara. Auleria akawa anakuja asubuhi na adhuhuri. Alimpangusa uso, kwa kuwa mwenyewe hakuweza tena. Alimshikia kikombe cha maji karibu na midomo. Alijifunza kumwinua swila kwa fimbo bila kumkasirisha. Kitambaa chenye vidole vilivyodondoka alikiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo juu ya kabati, na tiketi mbili za Mwanza chini ya kopo.

Mwanzoni mwa Novemba, mvua za vuli zilipoanza kugonga paa la chokaa, zikaja habari kwamba hita ya tatu iko bandarini.

"Leta karatasi," alisema Projestus.

Auleria alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaweka daftari la joto magotini liwe meza. Adelard akashika wino.

"Andika. Bwana, kwa heshima naomba hita zifungwe waya wa tatu kama karatasi zake zinavyoagiza, kwa maana sakafu ina maji kila asubuhi."

Auleria aliandika, herufi zake kubwa za duara zikajaza nusu ya karatasi.

"Ongeza kwamba mikono imekwisha."

Akaongeza.

"Halafu malizia. Ndimi mtumishi wako mtiifu, Projestus Kamugisha."

Auleria aliandika "Ndimi mtumishi wako", akaweka nukta, akaandika jina. Projestus aliisoma barua iliyoinuliwa mbele ya macho yake, akaisoma mara ya pili pale mwisho, na hakumsahihisha.

Adelard aliipeleka ofisini mvua ikinyesha, ameificha ndani ya shati. Karani aliipiga muhuri kuwa imepokewa, akaiweka juu ya zile nyingine.